UZI: Upanga wa Singasinga, kutoka Anandpur 1699 hadi mkonge wa Jasini

Kisiki cha Mpingo (mwanzisha uzi)

Wakuu, kwema?

Mimi nimekulia Moshi mjini. Likizo za shule nilikuwa nashinda gereji ya Singasinga mmoja, kazi yangu kumpokeza spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Yule mzee alikuwa na bangili ya chuma mkono wa kulia, na kila akikaza nati bangili inagonga spana, ng'a, ng'a, ng'a. Siku moja nikamwuliza kwa nini haivui wakati inamsumbua. Akasema bila hata kuinua kichwa: "Hii si pambo, kijana. Hii sare." Nikajua ananitania. Imepita miaka zaidi ya ishirini ndipo nikaelewa kuwa hakuwa na utani wowote, na uzi huu nauanzisha kwa ajili ya neno lile.

Tuwekane sawa majina kwanza. Wafuasi wa dini ya Sikh, Tanzania tunasema Singasinga, majirani zetu Kenya wanasema Kalasinga. Watu wengi humu wanaamini mambo mawili: kwamba jeshi hawa jamaa walifundishwa na Mwingereza, na kwamba kila Mpunjabi (mtu wa Punjab, eneo ambalo leo limegawanywa kati ya India na Pakistan) ni Singasinga. La kwanza si kweli. La pili nalo si kweli, na nitalirudia kwa sababu ndilo linalopotosha zaidi.

Mwanzilishi wa dini yao, Guru (yaani kiongozi wa dini) Nanak, aliyezaliwa 1469, alikuwa mtu wa tenzi na ibada. Upanga haukuwemo. Uliingia kwa sababu ya jeneza. Mwaka 1606 Guru wa tano, Arjan, aliteswa hadi kufa mjini Lahore chini ya mfalme Jahangir wa dola ya Mughal. Mwanawe Hargobind, mtoto wa miaka kumi na moja hivi, alipokalia kiti cha baba yake alijifunga panga mbili kiunoni, moja ya mamlaka ya dunia na nyingine ya mamlaka ya roho. Kuanzia hapo wafuasi wakawa wanamletea farasi na silaha badala ya sadaka ya fedha tu.

Jeneza la pili ni la 1675. Guru wa tisa, Tegh Bahadur, akakatwa kichwa hadharani Delhi kwa amri ya Aurangzeb. Aliyeachwa safari hii ni mtoto wa miaka tisa, Gobind.

Sasa nendeni Anandpur, sikukuu ya mavuno ya Baisakhi, 1699. Yule mtoto ameshakuwa mwanamume wa miaka thelathini na ushei. Anasimama mbele ya umati, upanga uchi mkononi, anasema: nataka kichwa. Kimya. Mmoja anajitokeza, anaingizwa hemani, Guru anatoka peke yake na upanga unachuruzika damu. Anataka kingine. Watu wanaanza kunyemelea kutoka, wengine wanakimbilia kwa mama yake Guru kushitaki kwamba mwanawe kachanganyikiwa. Hata hivyo wa pili anakwenda, wa tatu, wa nne, wa tano. Halafu hema linafunguliwa, na wote watano wanatoka wakiwa hai, wamevaa nguo mpya.

Walikuwa nani hao watano? Mmoja kinyozi. Mmoja mchota maji. Mmoja fundi wa nguo. Mmoja mkulima wa kabila la Jat, na mmoja wa ukoo wa wafanyabiashara. Kwa Uhindi wa matabaka wa wakati ule, kinyozi na mchota maji kunywa bakuli moja na mtu wa ukoo wa juu ni jambo lililotikisa watu kuliko ule upanga. Na walikunywa kweli: maji yaliyotiwa sukari, yakakorogwa kwa upanga wa makali mawili ndani ya bakuli la chuma. Kisha Guru mwenyewe akapiga magoti mbele yao, akaomba wamnyweshe naye.

Hapo ndipo ilipozaliwa Khalsa, udugu wa Masingasinga walioapishwa. Kila mwanamume akaitwa Singh, yaani simba, kila mwanamke Kaur. Na wakapewa vitu vitano vya kubaki navyo mwilini: nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, kaptula, na jambia. Iangalieni hiyo orodha kwa jicho la askari. Kaptula ni nguo ya mtu anayeruka juu ya farasi usiku wa manane, si ya mtu aliyejifunga shuka. Kitana ni cha mtu anayelala porini na anatakiwa kuamka nadhifu. Sare, kama alivyosema mzee wangu.

Naendelea baadaye, niko kazini.

Binti Chuma

Nimetandika jamvi kabisa, mtu asinisogeze. Maswali mawili mkuu. Singh na simba wetu ni neno moja? Na hao akina Kaur kwenye vita walikuwa wapi, jikoni?

Kisiki cha Mpingo

Dada, Singh na simba ni sadfa tu. Simba ni neno la Kibantu toka enzi, Singh inatoka Kisanskriti, na ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye Singapore. Ukitaka maneno tuliyochangia nao kweli, yapo, tena ya kijeshi. Singe, ile tunayochomeka mbele ya bunduki, asili yake ni sangin ya huko kwao. Na jemadari: sisi kwetu ni mkuu wa majeshi, lakini katika jeshi la Mwingereza la India jemadar alikuwa ofisa wa Kihindi wa ngazi ya chini kabisa. Neno limevuka bahari likapandishwa cheo.

Wanawake: tafuta Mai Bhago. Mwaka 1704 Anandpur ilizingirwa miezi, njaa ikauma mpaka wanaume arobaini wakamwandikia Guru hati ya kumkana, wakaondoka zao. Walipofika makwao Mai Bhago akawasuta, akapanda farasi, akawarudisha. Walilikuta jeshi la Mughal karibu na bwawa la Khidrana mwaka 1705, wakafa karibu wote pale. Yeye alinusurika na majeraha. Guru aliichana ile hati mbele ya mmoja aliyekuwa anakata roho. Mahali pale leo panaitwa Muktsar.

Na Guru mwenyewe kipindi hicho alipoteza watoto wote wanne wa kiume. Wawili wakubwa walikufa wakipigana Chamkaur. Wawili wadogo walikamatwa, na liwali wa Sirhind akaamuru wajengewe ukuta wakiwa hai. Hilo la Sirhind likumbukeni.

Ngamia wa Mjini

Mkuu unasimulia vizuri, ila tusizungushane. Hawa si ndio waliomsaidia Mwingereza kuitawala Afrika hii? Babu zetu walipigwa na nani? Mashujaa gani wanaokodishwa? Kwangu mimi vibaraka tu.

Kisiki cha Mpingo

Ngamia, hoja yako ina uzito na nitaijibu, lakini huwezi kuijibu bila kujua Mwingereza aliwapataje. Nipe nafasi.

Baada ya Guru Gobind Singh kufa 1708, alisimama Banda Singh Bahadur. Mwaka 1710 akaiteka Sirhind, liwali yule akauawa vitani. Banda akawagawia wakulima mashamba ya mabwanyenye. Dola ikamnasa, 1716 akauawa Delhi kwa mateso ambayo sitayaandika humu kwa sababu kuna watoto wanasoma.

Kilichofuata ni miaka hamsini ya kuwindwa. Kichwa cha Singasinga kilikuwa na bei. Walijificha misituni, wanashuka usiku, wanapiga, wanapotea. Ahmad Shah Durrani wa Afghanistan alikuwa anashuka India kupora, na kila akirudi kwao na misafara ya mali, hawa wanamnyemelea kwa nyuma wanamnyang'anya. Mwaka 1762 alikasirika akaua maelfu kwa maelfu katika siku moja, wengi wao wanawake na watoto waliokuwa wanahama. Wenyewe wanayaita yale mauaji Makubwa. Miaka michache baadaye Lahore ilikuwa mikononi mwao. Hawakuwa na mfalme. Walikuwa na majeshi ya koo kumi na mawili, misl, yanagombana yenyewe kwa yenyewe, yanaungana adui akija.

Aliyeyaunganisha ni Ranjit Singh. Mfupi, uso umejaa makovu ya ndui, jicho moja limekufa kwa ugonjwa huohuo. Aliingia Lahore 1799 akiwa kijana wa miaka 18, akatawazwa 1801. Multan akaichukua 1818, Kashmir 1819, Peshawar 1834. Mtu ambaye mababu zake walikuwa wanawindwa na Waafghani akawa anatoza kodi mlangoni kwao Khyber.

Alifanyaje? Aliona mapema kwamba wapanda farasi hodari hawatoshi. Vita vya Napoleon vilipoisha, Ulaya ilijaa maofisa wasio na kazi. Mwaka 1822 wakatokea Lahore wawili, Allard Mfaransa na Ventura Mtaliano. Akawaajiri. Baadaye wakaja Court na Avitabile. Vijana wa Punjab wakawa wanapiga gwaride kwa amri za Kifaransa, viwanda vya mizinga vikafunguliwa Lahore. Kwa hiyo wakati Mwingereza anafika kwenye mto Sutlej, ng'ambo alikutana na jeshi la kisasa kama lake.

Mzee wa Ng'ambo

Mwanangu Kisiki, umesema utalirudia lile la Wapunjabi si Masingasinga tu, naona umelipita. Mimi ni Mwislamu na linanihusu. Mizinga ya Ranjit Singh ilishikwa na nani? Mkuu wa mizinga alikuwa Ghaus Khan, na Ilahi Bakhsh alikuwa jemadari mkubwa wa mizinga pia. Waziri wake wa mambo ya nje, Fakir Azizuddin, Mwislamu. Waliokuwa wanapigana na Waafghani Waislamu ni Waislamu wenzao wa Punjab wakiwa bega kwa bega na Masingasinga na Wahindu. Watu hugawa historia hii kwa misikiti na mahekalu, haigawanyiki hivyo.

Kisiki cha Mpingo

Shikamoo mzee. Umenisaidia, nilikuwa naielekea. Hao washika mizinga ndio waliowatesa Waingereza kuliko wote.

Ranjit Singh alikufa 1839. Ikulu ikageuka machinjio: mwana, mjukuu, mawaziri, ndani ya miaka michache wote wamekwisha. Jeshi likachagua wajumbe wake, kila kikosi na kamati yake, wakawa wanaamua nani alipwe nini na nani atawale. Wakubwa wa ikulu wakawaogopa askari wao kuliko walivyomwogopa Mwingereza. Hapo ndipo usaliti ulipoingia.

Desemba 1845 jeshi la Punjab linavuka Sutlej. Usiku wa tarehe 21 pale Ferozeshah, Waingereza wamelala kwenye baridi katikati ya maiti, risasi na baruti zinakaribia kwisha, na Gavana Mkuu Hardinge ameagiza upanga uliokuwa wa Napoleon uondolewe kambini usije ukatekwa. Asubuhi Tej Singh, kamanda wa Punjab, anafika na jeshi jipya halijapiga hata risasi. Anatazama. Anarudi nyuma. Mwenzake Lal Singh alikuwa anaandikiana barua na ofisa wa Kiingereza toka mwanzo.

Sobraon, 10 Februari 1846, ikawa hivyohivyo. Tej Singh akakimbia mapema, daraja la mashua likakatika, askari wakabaki mto nyuma na singe mbele. Mzee Sham Singh Attariwala alivaa nguo nyeupe asubuhi ile, rangi ya sanda, akapanda farasi mweupe na hakurudi. Maelfu walizama Sutlej. Hakuna kumbukumbu ya kikosi kilichosalimu amri pale.

Wakapigana tena 1848 na 1849. Chillianwala, 13 Januari 1849, Waingereza walipoteza zaidi ya watu 2,000 kwa kuuawa na kujeruhiwa katika alasiri moja, na bendera za vikosi vyao zikachukuliwa. Kikosi kilichoumia kuliko vyote kilikuwa cha 24 cha miguu. Wapenzi wa historia ya Afrika mnakijua. Ndicho kilekile ambacho miaka thelathini baadaye, 1879, Wazulu walikimaliza Isandlwana.

Mwezi uliofuata, Gujrat (ya Punjab, si Gujarat wanakotoka wenye maduka wetu), mizinga ya Kiingereza ikamaliza kazi. Punjab ikaingizwa kwenye himaya. Mfalme alikuwa mtoto wa miaka kumi, Duleep Singh, akanyang'anywa ufalme na almasi ya Koh-i-noor.

Ngamia wa Mjini

Sawa. Walipigwa kwa usaliti, nimekubali. Miaka minane baadaye, 1857, Wahindi wanaasi, hawa hawa wanakwenda Delhi kumwokoa aliyewanyang'anya ufalme. Nieleze hapo bila kuremba.

Kisiki cha Mpingo

Bila kuremba: kisasi, na mshahara. Waasi wa 1857 wengi walikuwa askari wa jeshi la Mwingereza la Bengal. Sasa wale waliokuja Punjab 1846 na 1849 na bendera ya Kiingereza walikuwa akina nani? Haohao wa Bengal. Kijana wa Lahore hakuona ndugu zake wanaomba msaada, aliona watu waliompiga jana. Na Delhi kwake ilikuwa mji alikokatwa kichwa Guru wake.

Baada ya hapo Mwingereza akatunga nadharia yake ya makabila ya kivita. Akasema wa kaskazini wamezaliwa askari, Mbengali na watu wa kusini hawafai. Huu ni uongo wa kisiasa, maana "wasiofaa" ni walewale walioasi au waliosoma. Lakini uongo ukilipwa mshahara unageuka ukweli. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wakali kwamba kila Singasinga kwenye kikosi lazima anyweshwe yale maji ya upanga na asinyoe. Himaya ya Kikristo ikawa mlinzi wa ndevu! Na mstaafu mwenye rekodi nzuri anapewa shamba kwenye maeneo mapya ya mifereji. Kilimo na bunduki vikafungwa pamoja. Na sisi mchezo huohuo tulichezewa, waulizeni Wakamba jinsi Mwingereza alivyowasifu ili wajiandikishe Keya (KAR, jeshi lake la Afrika Mashariki).

Kwa hiyo Ngamia, kibaraka ni mtu anayejua ana njia nyingine. Mtoto wa mkulima wa Ludhiana mwenye ekari mbili na ndugu watano alikuwa na njia gani? Rupia 11 kwa mwezi ndiyo ilikuwa njia.

Ngamia wa Mjini

Babu yangu alikatiwa mkonge kwa pungufu ya hapo na hakumpiga mtu risasi. Tusisamehe haraka hivyo. Lakini endelea, nakusoma.

Kijana wa Grogan

Habari zenu kutoka Nairobi. Huku ni Kalasinga, na wazee wanasema jina limetokana na mfanyabiashara wa zamani aliyeitwa Kala Singh, akawa maarufu hadi kila mwenye kilemba akaitwa kwa jina lake.

Ngamia ana haki kidogo. Kabla hata ya reli walikuwa wameshafika na bunduki. Harry Johnston, mtawala wa Kiingereza, alipokwenda Nyasaland (Malawi ya leo) mwaka 1891 alikuwa na askari wa Kihindi kama 70, Masingasinga wakiwemo. Vikosi vya namna hiyo ndivyo vilivyompiga Mlozi kule Karonga mwaka 1895, na Mlozi, kwa wasiomjua, alikuwa mfanyabiashara wa utumwa wa Kiswahili na Kiarabu aliyejitangaza sultani. Akanyongwa. Hapo sijui nimlilie nani. Uganda 1897, askari wa Kisudani walipoasi, kikundi kidogo cha Masingasinga ndicho kilichosimama na ofisa wa Kiingereza Macdonald pale kwenye ngome ya Luba, Busoga.

Halafu wakaja wa reli, maelfu kwa maelfu, wengi wakiwa Wapunjabi, kati ya 1896 na 1901. Hao hawakuja na bunduki, walikuja na nyundo na randa. Mafundi wa gereji za Grogan hii mpaka leo tunasema kitu kimefanywa "Kikalasinga" tukimaanisha kimefungwa hakitafunguka milele.

Na niongeze moja la Taveta kabla sijasahau. Kilima cha Salaita, 12 Februari 1916. Makaburu wa Afrika Kusini wamekuja kupigana na Wajerumani, wanawadharau Wahindi, wanawaita makuli. Wanapanda kilima, askari wa von Lettow, kamanda wa Wajerumani, wanawarudisha mbio. Waliowazuia wasichinjwe ni kikosi cha 130 cha Baluchi, ambacho licha ya jina lake kilijaa Wapunjabi Waislamu na Wapathani. Inasimuliwa kwamba Wabaluchi waliokota bombomu (bunduki ya rashasha) iliyotupwa na wale Makaburu, wakawarudishia na kikaratasi cha salamu kuomba kwamba kuanzia leo wasiitwe tena makuli.

Binti Chuma

😂😂 Hicho kikaratasi kingewekwa makumbusho.

Shemeji wa Kange

Mkuu Kisiki naona umeandika Jasini kwenye kichwa halafu mpaka sasa kimya. Ila kabla hujafika huko: watu wa Tanga tumechoka kusikia kwamba Masingasinga walifukuzwa na nyuki Novemba 1914.

Kisiki cha Mpingo

Shemeji nisaidie wewe, wewe ndiye mwenyeji.

Shemeji wa Kange

Haya. Waliotua Tanga kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 chini ya Jenerali Aitken walikuwa kama 8,000, dhidi ya elfu moja hivi wa von Lettow. Wahindi ni kweli, lakini Warajput, Wapalamcottah wa kusini, magrenedia, askari wa Kashmir na wengine. Wamekaa melini wiki kadhaa wanatapika, wanashushwa kwenye mikoko, hawajawahi hata kufanya mazoezi pamoja. Nyuki walikuwepo, waliwauma wote, hata Wajerumani. Waingereza waliondoka wameacha bombomu 16 na risasi zaidi ya nusu milioni, na zaidi ya watu 800 wameuawa, kujeruhiwa au kupotea. Masingasinga siku zilezile walikuwa mbali, Longido: kikosi cha 29 cha Punjab na askari wa Kapurthala, wanapanda mlima usiku kwenye ukungu.

Jasini sasa. Ni huku kwetu Mkinga, ukitoka Vanga ni pua na mdomo. Shamba la mkonge. Waingereza waliliteka wakaweka kikosi cha mia tatu hivi, watu wa Kashmir na magrenedia, mkuu wao Kanali Raghbir Singh. Tarehe 18 Januari 1915 von Lettow akalizunguka na kombania tisa. Kikosi kilichojaribu kupenya kwenda kuwaokoa ni askari wa Jind, dola ya kifalme ya Masingasinga huko Punjab, wakiongozwa na ofisa wao wenyewe Natha Singh. Waliingia mtoni na kwenye mkonge mbele ya bombomu, wakapoteza watu wengi, wakarudishwa.

Mtu ambaye hajawahi kutembea kwenye mkonge hawezi kuelewa. Mistari imenyooka, unaona mbele mita mia, kulia na kushoto huoni kitu, na kila jani lina mwiba mweusi nchani kama sindano ya gunia. Januari pwani jua linachemsha. Ngomeni maji yakaisha, risasi zikaisha, Raghbir Singh akauawa. Asubuhi ya tarehe 19 wakapandisha kitambaa cheupe.

Ajabu yake ni kwamba aliyeshinda ndiye aliyeogopa. Von Lettow alipigwa risasi ya mkono, alipoteza maofisa ambao hakuwa na wa kuwaziba, na alifyatua risasi kama 200,000. Akapiga hesabu akaona vita vitatu vya namna ile vinammaliza. Kuanzia hapo akaacha kutafuta mapambano makubwa, akageukia reli na mbinu za msituni. Miaka mitatu ya njaa na upagazi iliyowaua babu zetu kusini mwa nchi hii ilianzia kwenye hesabu iliyopigwa Jasini.

Kisiki cha Mpingo

Shemeji umemaliza kila kitu, nilikuwa na aya mbili nimezifuta.

Ulaya na kwingineko nitapita haraka. Masingasinga walikuwa chini ya asilimia 2 ya watu wa India lakini walikuwa sehemu kubwa ajabu ya jeshi lake. Gallipoli, 4 Juni 1915, kikosi cha 14 cha Masingasinga kiliingia kwenye bonde la Gully Ravine na kwa siku moja kikapoteza karibu robo tatu ya watu wake. Mhindi wa kwanza kupigana na kupewa Msalaba wa Victoria alikuwa Mpunjabi Mwislamu, Khudadad Khan wa Chakwal, Ubelgiji, Oktoba 1914. Wenzake wote kwenye bombomu wamekufa, yeye kajeruhiwa, bado anafyatua. Kikosi chake, cha 129 cha Baluchi, baadaye kililetwa huku kwetu.

Malipo yake? 13 Aprili 1919, siku ya Baisakhi, sikukuu ileile ya Khalsa, bustani ya Jallianwala, Amritsar. Jenerali Dyer anaziba njia, risasi 1,650 katika dakika kumi hivi. Serikali ilihesabu maiti 379, Wahindi wenyewe wanasema ni wengi zaidi. Kwenye umati walikuwemo watu waliotoka vitani. Ngamia, hapo ndipo kibaraka alipofumbuka macho. Udham Singh alisubiri miaka 21, akaenda London akampiga risasi Michael O'Dwyer, aliyekuwa mtawala wa Punjab siku zile. Wasifu wake unataja kwamba kabla ya hapo alipita Afrika Mashariki akafanya kazi ya reli.

Mzee wa Ng'ambo

Na walioasi kabla ya hapo usiwasahau. Chama cha Ghadar, 1913, Wapunjabi wa Marekani na Kanada waliorudi kupindua serikali, wengi walikuwa maaskari wastaafu. Wengi wakanyongwa. Na Jeshi la Taifa la India lililoanzwa na Kapteni Mohan Singh Singapore ilipoanguka 1942. Vita vilipokwisha Mwingereza aliwashitaki maofisa watatu kwenye Ngome Nyekundu ya Delhi: Shah Nawaz Khan, Prem Sahgal, Gurbaksh Singh Dhillon. Mwislamu, Mhindu, Singasinga. Wote watatu Wapunjabi. India nzima ikawaka, ikabidi waachiwe.

Kijana wa Grogan

Mzee, umenigusa. Makwao watatu hao miaka miwili baadaye kungekuwa nchi mbili.

Kisiki cha Mpingo

Ndivyo ilivyokuwa. Agosti 1947 Punjab ikapasuliwa katikati. Jeshi likagawanywa kama vyombo vya ndoa iliyovunjika, vikosi hiki huku kile kule. Jeshi la India lina Rejimenti ya Punjab, la Pakistan lina Rejimenti ya Punjab, zote zinadai mababu walewale. Oktoba 27 mwaka huohuo batalioni ya kwanza ya Masingasinga ikarushwa kwa ndege hadi Srinagar kuzuia Kashmir isichukuliwe.

Picha moja tu nitawaachia. Dhaka, 16 Desemba 1971. Meza ndogo uwanjani. Anayetia saini kusalimu amri ni Luteni Jenerali Niazi wa Pakistan, mzaliwa wa Mianwali. Anayepokea, kilemba kimefungwa sawasawa, ni Luteni Jenerali Jagjit Singh Aurora wa India, mzaliwa wa wilaya ya Jhelum. Wilaya zote mbili ziko Punjab, na zote mbili leo ziko Pakistan. Wanakabidhiana hatima ya Wabengali, wale ambao Mwingereza alisema hawafai kuwa askari, na ambao siku hiyo ndio waliopata nchi.

Binti Chuma

Kisiki ukiishia 1971 utakuwa umekimbia. Na 1984?

Kisiki cha Mpingo

Sikimbii, ila ni nzito. Juni 1984 jeshi la India liliingia kwa vifaru kwenye Hekalu la Dhahabu, Amritsar, kuwatoa wapiganaji wa Bhindranwale, mhubiri wa Kisingasinga. Aliyeongoza shambulio, Meja Jenerali Kuldip Singh Brar, wa ukoo wa Kisingasinga. Aliyepanga ulinzi ndani, Shabeg Singh, Meja Jenerali wa zamani wa jeshi hilohilo, mtu aliyewafundisha wapiganaji wa Bangladesh mwaka 1971. Vita vya 1971 walikuwa upande mmoja. Shabeg alifukuzwa jeshini muda mfupi kabla ya kustaafu kwa tuhuma za fedha, mahakama zikamsafisha baadaye, lakini moyo ulikuwa umeshageuka. Alifia humo hekaluni. Akal Takht, kiti alichokijenga yule mtoto wa panga mbili, kilibomolewa na mizinga ya vifaru. Habari zilipofika makambini, baadhi ya askari wa Kisingasinga waliasi, wakashika malori kuelekea Amritsar.

Mzee wangu wa gereji mwaka ule, nimekuja kuambiwa na mwanawe, alifunga kazi siku tatu. Wateja wakadhani amefiwa.

Shemeji wa Kange

Huyu Shabeg anataka uzi wake peke yake.

Ngamia wa Mjini

Naunga mkono. Na safari hii mimi nitakaa mbele.

Kisiki cha Mpingo

Ijumaa usiku nikitoka zamu. Shemeji, na wewe njoo na ramani ya Jasini uliyonayo, naona umezificha hizo mita mia mahali.